Paa Nililoliandika

Mwalimu Aikaeli alizikwa Jumamosi, kwenye kihamba chake, shamba la nyumbani, kati ya migomba na mibuni aliyoipanda mwenyewe. Mimi nilikaa mstari wa mwisho chini ya turubai, karibu na masufuria, mahali wanapokaa watu wanaotaka kuonekana wamefika na kuondoka bila kuagana. Taarifa ya msiba niliipata kwenye simu, kwa ujumbe uliokuwa ukizunguka miongoni mwa walimu wastaafu wa upande wa Vunjo. Niliusoma mara mbili, kisha nikailaza simu kifudifudi mezani. Pale msibani binti yake mkubwa, Ndeshi, ndiye aliyesoma wasifu wa marehemu. Alisoma polepole, kwa sauti kavu ya mtu aliyekwisha kulia nyumbani: kuzaliwa, ndoa, miaka ya ualimu mkuu katika shule ya msingi, kisha akafika kwenye sekondari ya kata ambayo baba yake aliisimamia tangu kuchimbwa kwa msingi. "Mwaka wa kwanza shule ilifunguliwa bila paa," alisoma, "kutokana na changamoto za kiserikali. Lakini marehemu hakukata tamaa." Watu wakatikisa vichwa. Changamoto za kiserikali: maneno tuliyoyazoea mpaka yanapita sikioni bila kugusa kitu, kama vile changamoto ni ukungu, unashuka wenyewe na hakuna mtu aliyeuleta. Mimi nilijua kwamba changamoto ile ilikuwa na jina na mwandiko, na kwamba wakati ule ilikuwa imekaa karibu na masufuria, imejifunga khanga kiunoni, inatazama chini. Nilishuka mlima kabla ya kuwekwa mashada.

Sasa nakaribia miaka hamsini. Maisha yangu yote ya kazi nimeyamaliza kwenye ofisi za mipango ya elimu, nikihesabu watoto, vyumba, madawati na nafasi. Nimefundisha vijana wengi wa takwimu. Kuna sentensi moja niliyokuwa nikipenda kuwaambia kwenye semina: "Kila namba unayoandika ni mtoto aliyesimama mlangoni." Walikuwa wakiiandika kwenye madaftari yao, na mara moja ukumbi mzima ulinipigia makofi. Niliyapokea. Sikuwahi kuwaambia sentensi ile niliipata wapi, wala kwamba nilipoujua ukweli wake nilikuwa nimechelewa, na nikaendelea kuchelewa kwa makusudi. Kata yenyewe sitaitaja, wala halmashauri niliyoitumikia. Waliokuwepo wanajijua, na wasiokuwepo hawatapungukiwa.

Mwaka ule nilikuwa na miaka ishirini na sita, karani wa muda katika ofisi ya elimu mjini Moshi, nimepanga chumba Majengo kwa mjane mmoja aliyeitwa Mama Zubeda. Chumba kilikuwa na dirisha moja linalotazama uani, na kila alfajiri baada ya adhana nilisikia mafuta yakichemka, kwa sababu Mama Zubeda alikaanga vitumbua vya kuuza kwa mafundi cherehani na mafundi baiskeli wa mtaa ule. Marehemu mume wake alitoka Tanga, yeye mwenyewe alisema ametoka kila mahali. Alinichukua kama mwanawe. Nikirudi jioni tulikaa uani kwenye mkeka, yeye akipepeta mchele, mimi nikimsimulia ya kazini, na ya kazini yalikuwa mengi, kwa kuwa huo ndio mwaka ambao kila kata ilikuwa inahimizwa iwe na sekondari yake. Watoto waliofaulu darasa la saba walikuwa wengi kuliko viti vilivyokuwepo. Kila mwaka mtoto anafaulu, jina lake linakosa pa kuandikwa, na mzazi anaambiwa asubiri chaguo la pili, ambalo mara nyingi halikuja. Kwa hiyo mpango ulikuwa huu: wananchi wachimbe msingi na kupandisha kuta mpaka kwenye lenta, ule mkanda wa zege unaopita juu ya milango na madirisha, na kuanzia hapo serikali ilete mbao, mabati, milango na saruji ya sakafu. Kazi yangu ilikuwa kupanda kwenye kata nilizopangiwa, kuangalia ujenzi umefika wapi, na kujaza fomu.

Ofisi yetu ilikuwa chumba kirefu chenye meza nne, makabati ya chuma yasiyofunga vizuri, na mlango wa pembeni wa kuingilia stoo ya chaki na vitabu. Aliyekuwa juu yangu ni Bwana Festo, afisa aliyeshughulikia mipango. Ingekuwa rahisi kwangu leo kama ningeweza kusema alikuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu mwema. Asubuhi za baridi alininunulia chapati, alinifundisha kusoma ramani ya majengo, na nilipokosea mahesabu alinisahihisha bila kupandisha sauti. "Bi Neema," alipenda kusema, "mpango ni shuka fupi. Ukifunika kichwa, miguu inabaki nje. Kazi yetu ni kuchagua leo nani alale miguu nje." Nilicheka kila mara aliposema hivyo. Nilidhani ni hekima, na labda ilikuwa. Nilichokosa kukiona ni kwamba sisi tuliokuwa tunalivuta lile shuka tulikuwa tumefunikwa gubigubi.

Mara ya kwanza nilipopanda kule ilikuwa masika. Gari la idara liliishia barabarani, na Mwalimu Aikaeli alikuwa ananisubiri pale chini na mwavuli na jozi ya mabuti ya mpira ya mke wake. "Vaa haya, mwanangu," alisema. "Huku kwetu udongo unavua watu viatu." Alikuwa mwembamba, mpole, na alitembea mbele yangu akinionyesha pa kukanyaga. Tulipofika kwenye eneo la shule ilikuwa siku ya msaragambo, kazi ya pamoja, na kijiji kizima kilikuwa pale. Wanaume walikuwa wanachimba msingi. Wanawake walikuwa wanapanda kutoka mtoni na mawe kichwani, mmoja nyuma ya mwingine, ngata zimelowa, na njia ilikuwa inateleza kiasi kwamba aliye nyuma alimshikilia aliye mbele kwa kiganja mgongoni. Walikuwa wanaongea Kichagga, ambacho mimi, mtoto wa kambi ya miwa kule tambarare, sikukijua. Nilishika neno moja tu lililorudiwa, "sirikali", kisha kicheko. Nilimuuliza Mwalimu wanasema nini. "Wanasema serikali imetuma msichana aje ahesabu mawe, basi wabebe makubwa ili asichoke kuhesabu." Nilicheka pamoja nao, na mmoja wao, mama mfupi mnene aliyekuwa na jiwe ambalo mimi nisingeweza hata kulisogeza, alinipita akanigonga bega kwa kiwiko, kwa urafiki. Mama yule alikuwa Mama Ndeshi, mke wa Mwalimu.

Kwake ndiko tulikokula mchana ule. Nilikaa jikoni, nyumba ndogo ya mbao iliyojaa moshi, kwa sababu sebuleni kulikuwa na baridi, na nikapewa ndizi za nyama katika bakuli la bati, mchuzi mzito, vipande vikubwa, vingi kuliko vya mwenye nyumba. Ndeshi alikuwa darasa la saba. Alikaa kwenye kigoda karibu na mlango, akinitazama nilivyokula, na alipoona nimemaliza akauliza alichokuwa anataka kuuliza tangu nilipoingia.

"Dada Neema, madarasa matatu ni watoto wangapi?"

"Arobaini mara tatu. Mia na ishirini."

"Na tukifaulu zaidi ya hao?"

"Watakaozidi wataenda ile sekondari ya zamani, kule chini barabarani."

"Mimi nataka ile ya zamani. Ina maabara."

Baba yake akacheka. "Wewe utasoma hapa nyumbani. Mama yako abebe mawe mwaka mzima, halafu wewe ukasome kwa watu?" Ndeshi naye akacheka, lakini aliendelea kunitazama mimi, kama mtu anayejua jibu linatoka wapi.

Nilirudi tena mwezi wa tisa. Kuta zilikuwa zimesimama, vyumba vitatu, na zege la lenta lilikuwa limekauka vizuri, limenyooka. Mwalimu alinizungusha chumba kimoja kimoja. Alipitisha kiganja chake kwenye ukuta kama mtu anayempapasa ng'ombe. "Sisi tumefika," alisema. "Sasa ni zamu yenu." Kwenye daftari langu niliandika: vyumba vitatu, lenta, hakuna paa, hakuna sakafu, hakuna milango. Nakumbuka mpaka kalamu niliyotumia. Wakati wa kuondoka Mama Ndeshi alinifungia mkungu wa ndizi kwa majani makavu, na niliposema ni mzito mno akaniambia, "Mbona sisi hatukusema?" Jioni ile, uani Majengo, nilimsimulia Mama Zubeda yote: mto, njia, mawe meusi yenye vitobo vidogovidogo, kiwiko cha yule mama. Ndizi tulizipika pamoja, yeye akatia nazi, nami nikamwambia kule juu wangemcheka.

Fomu ilijazwa mwezi wa kumi na moja. Naiandika siku ile kwa ufupi kwa sababu yenyewe ilikuwa fupi. Bwana Festo alikuwa ametoka kwenye kikao kikubwa, na nilimsikia akizungumza kwa simu huku amesimama: "Ndiyo, mheshimiwa. Zote. Zote zitapokea watoto Januari." Aliweka simu, akakaa, akajifuta uso kwa leso, akaniomba orodha. Kata zote zilikuwa zimekamilika isipokuwa tatu, na mojawapo ilikuwa ile ya Mwalimu Aikaeli.

"Hii andika imekamilika," alisema.

"Lakini iko kwenye lenta."

"Leo iko kwenye lenta. Sisi tunaandika Januari, hatuandiki leo. Mabati yako njiani."

"Na tukiandika imekamilika, mabati yatakujaje?"

Alinitazama kwa huruma, kama baba. "Bi Neema, nikiandika kata tatu zimeshindwa, hakuna atakayeuliza mabati yako wapi. Watauliza nani ameshindwa. Mbili nitazitetea, tatu sitaweza. Hii ndiyo iliyo mbali zaidi, hakuna mtu atakayepanda kuiangalia." Kisha akaongeza, akitazama karatasi nyingine kabisa, kwamba barua yangu ya ajira ya kudumu imefika mezani kwa mkurugenzi na yeye ameipendekeza. Hakuyaunganisha mambo hayo mawili. Niliyaunganisha mwenyewe. Kwenye safu ya hali ya jengo niliandika "limekamilika" mara tatu, chumba cha kwanza, cha pili, cha tatu. Kwenye safu ya nafasi niliandika mia na ishirini. Chini, palipoandikwa jina la aliyekagua, niliandika jina langu na kutia sahihi. Ilikuwa saa nne. Chai ililetwa, nikanywa, nikala chapati mbili. Kwa miaka mingi nimejaribu kukumbuka kama mkono ulitetemeka, ili angalau niwe na kitu cha kujitetea nacho. Haukutetemeka.

Neno lile lilifanya kazi mbili, na zote nilizijua. Kwanza, shehena ya mabati ilipofika iligawiwa kwa kata zilizoandikwa bado, na ya Mwalimu haikuwemo, maana jengo lililokamilika halihitaji bati. Pili, ulipofika wakati wa kupanga watoto, kata ile ilihesabiwa kuwa na nafasi zake yenyewe. Viti vya ile sekondari ya zamani ambavyo watoto wake wangepata vikapewa watoto wa kwingine. Orodha niliichapa mimi. Mtoto wa nne alikuwa Ndeshi. Alama zake zingemfikisha popote. Nilichapa jina lake, nikachapa jina la shule isiyo na paa mbele yake, nikashuka mstari wa tano.

Majina yalibandikwa Desemba, na siku chache baadaye Mwalimu Aikaeli alikuja ofisini. Nilimsikia kwenye korido akiwasalimia watu, nikainuka, nikaingia stoo, nikarudisha mlango. Nilisimama kati ya maboksi ya chaki, vumbi linanikereketa koo, nikajizuia kukohoa.

"Nimekuja kuulizia mabati yetu," alisema.

"Karibu, Mwalimu, keti. Kwa taarifa tuliyonayo, ninyi mmeshamaliza."

"Tumemaliza nini? Mimi nikisimama darasani naona mbingu."

"Taarifa ndivyo inavyosema."

"Nani kaiandika?"

Nilisikia kiti kikilia. "Ni taarifa ya ofisi, Mwalimu," alisema Bwana Festo. Kumbe hata yeye hakunitaja. Mwalimu hakupandisha sauti. Aliuliza lini wanategemea shehena nyingine, akaambiwa bajeti ijayo, akashukuru, akatoka. Nilikaa stoo mpaka nilipoacha kusikia hatua zake, kisha nikatoka na boksi la chaki mkononi, kana kwamba ndilo nililokuwa nimelifuata.

Siku hiyohiyo, saa kumi jioni, alikuja Majengo. Sijui aliuliza kwa nani. Nilimkuta uani ameketi kwenye kiti cha pekee chenye mgongo, Mama Zubeda amemwekea chai na vitumbua, na wote wawili wanazungumza habari za kahawa kama watu wanaofahamiana. Nilimwamkia. Akaniitikia, akaniuliza afya, akaniuliza kama kazi inanichosha. Kisha akaweka kikombe chini.

"Mwanangu, wewe ulipanda kule mwezi wa tisa. Uliyaona yale madarasa kwa macho yako. Unakumbuka uliona nini?"

Mama Zubeda alikuwa ameinama kwenye ungo wake. Nilikuwa nimesimama, mkoba bado begani. Ningeweza kusema maneno mawili. Bado palikuwa na wiki nne kabla ya shule kufunguliwa, fomu ingeweza kurekebishwa, watoto wangeweza kupangwa upya. Hayo yote niliyajua kuliko mtu yeyote katika mji ule.

"Mwalimu," nilisema, "mwaka huu nimezunguka kata nyingi. Zinanichanganyikia kichwani."

Hakukasirika. Alimaliza chai yake yote, taratibu, maana kwao ni aibu kuacha chai ya mtu, akamshukuru Mama Zubeda, akainuka. "Haya," alisema. "Ukikumbuka, njia unaijua." Alipopotea kwenye kona Mama Zubeda aliendelea kupepeta. Halafu akasema, bila kuinua macho, "Mwanangu, mimi sijasoma. Lakini yale mawe ya kule mtoni ulinisimulia mpaka vitobo vyake. Leo ukaanza kusahau mbele ya mgeni?" Niliingia chumbani nikafunga mlango, na kuanzia jioni ile hatukukaa tena kwenye mkeka kama zamani. Tulisalimiana. Nilijiambia nitasema nikishapata barua ya ajira. Barua ilikuja wiki iliyofuata. Nikajiambia nitasema ikipita Krismasi.

Siku ya kufungua shule nilikuwa kwenye msafara, kiti cha nyuma, faili magotini. Kiongozi aliyekuja alipangiwa shule tatu, na ile ilikuwa ya mwisho. Nadhani Bwana Festo aliomba sana isifikiwe, lakini tulifika. Jua lilikuwa kali. Watoto walikuwa wamejipanga mbele ya kuta, sare mpya, kila mmoja na kiti na meza yake, maana wazazi waliambiwa kila mtoto aje na vyake, na wengine walikuwa bado wamejitwika kichwani kwa kuwa hawajui wapi pa kutua. Ndani ya chumba cha kwanza majani yalikuwa yameota mpaka magotini, na mtu alikuwa amefunga mbuzi. Kiongozi akauliza jambo, Bwana Festo akajibu jambo, nikaona mikono yake inaonyesha juu, pale ambapo bati lingekuwa. Hawakukaa hata dakika kumi. Mimi sikushuka. Nilipandisha kioo na kukaa ndani ya lile joto, na ndipo Ndeshi akaja dirishani na kugonga kwa kidole.

"Shikamoo, dada Neema. Umekuja kutufungulia shule?"

"Marahaba," nilisema.

Yeye ndiye akanifariji. "Usijali. Baba kasema tukae upande wenye kivuli, jua likihama na sisi tunahama." Gari likawashwa. Nilitazama mbele.

Yaliyofuata niliyapata kwa njia ya fomu, kama nilivyostahili. Masika ilipoanza kanisa liliwaazima ukumbi wake, watoto wote mia na ishirini chumba kimoja, mwalimu mmoja na nusu, nusu ni Mwalimu Aikaeli mwenyewe aliyetoka kufundisha shule ya msingi asubuhi na kuja kule mchana. Mwezi wa sita ukungu uliposhuka na ukumbi ukahitajika kwa shughuli nyingine, watoto walianza kupungua. Mabati yalifika mwaka wa pili, na kufikia hapo zaidi ya nusu ya watoto walikuwa wameondoka. Fomu ya mahudhurio ilikuwa na safu ya sababu, yenye machaguo manne tu: kifo, uhamisho, ujauzito, utoro. Hapakuwa na chaguo la kukosa pa kukaa. Niliandika utoro, mstari baada ya mstari, na barua za utoro zikatumwa kwa wazazi kutoka ofisini kwetu. Ndeshi hakuondoka. Baba yake alijuana na walimu wa ile sekondari ya zamani, angeweza kumwombea nafasi, akakataa kwa kuwa watoto wa wenzake hawakuwa na wa kuwaombea. Alimaliza kidato cha nne bila kuigusa maabara, na hakufaulu. Leo anafanya biashara ya vitunguu pale Holili, mpakani, na wanasema ni hodari.

Wiki mbili baada ya mazishi, matanga yalipokwisha kuanuliwa, nilipanda tena. Safari hii nilikwenda peke yangu, kwa miguu kutoka barabarani, na sikumpigia mtu simu kwa sababu nilijua nikipiga nitapata kisingizio. Nilimkuta Ndeshi mbele ya nyumba anakunja turubai. Nilimsaidia kushika ncha moja, na tukiwa tumelishika hivyo, yeye huku mimi kule, nikamwambia. Nilimwambia kuhusu fomu, neno lile, sahihi, stoo, na jioni ile ya Majengo. Alinisikiliza huku anakunja, akinisogelea mkunjo kwa mkunjo, mpaka tukawa uso kwa uso.

"Baba alijua," alisema.

"Alijua lini?"

"Siku ileile. Kabla hajaja kwako. Alitoka kwa yule bosi wako akapita masjala, karani mmoja aliyesoma kwake akamtolea fomu. Aliona jina lako."

Niliuliza, na sauti yangu ilitoka kama ya mtoto, kwa nini basi aliniuliza kama nakumbuka.

"Nami nilimuuliza hivyo, alipokuwa mgonjwa. Akasema mtoto akivunja chungu, humwonyeshi vigae. Unamuuliza kwanza, ili aseme mwenyewe." Alilichukua turubai mikononi mwangu. "Alisema wewe ni mtoto wa watu, ndiyo kwanza umepata kazi, akikutaja utafukuzwa. Mimi sina moyo wa baba, dada Neema. Mimi nilitaka akutaje."

Nikasema najua. Nikaanza kusema nisamehe, akaniinulia kiganja, si kwa ukali. "Mimi usinianzie. Mama hajui. Baba alimficha, alijua angeshuka mjini siku hiyohiyo. Yuko nyuma ya jikoni na wenzake wanamenya ndizi. Nenda ukamwambie wewe."

Walikuwa wanne, wameketi kwenye vigoda kuzunguka beseni, vidole vimeshika utomvu mweusi. Mama Ndeshi amekuwa mdogo sasa, lakini alinitambua mara moja. "Yule wa sirikali!" alisema, na wengine wakacheka, na mmoja akaanza kuinuka ili anipishe kigoda chake. Nikasema hapana, nitasimama. Nilisema kwa Kiswahili cha kawaida, bila lugha ya ofisi: kwamba mwaka ule walipobeba mawe, mimi niliandika kuwa shule imekwisha kuezekwa, nikijua haijaezekwa, na kwa ajili hiyo bati lao likaenda kwingine. Visu vilisimama. Nilidhani Mama Ndeshi atanitukana, na nilitamani anitukane.

"Rudia," alisema. "Huyu mwenzetu sikio lake la kushoto halisikii. Njoo upande wa huku."

Nikazunguka, nikainama kwenye sikio la kulia la yule bibi, nikaanza upya, tangu mwanzo. Kusema mara ya pili kulikuwa kugumu kuliko mara ya kwanza. Alisikiliza, ameshika ndizi iliyomenywa nusu. Nilipofika kwenye zile barua za utoro alinikatiza.

"Ilikuja kwangu," alisema. "Wangu alirudi nyumbani mwezi wa sita, akaniambia hakuna pa kukaa. Nikamwambia mwongo, barua ya serikali inasema umetoroka." Aliitazama ile ndizi. "Nikamchapa."

Akamaliza kuimenya, akaitupa kwenye beseni, akachukua nyingine. Wenzake nao wakarudi kwenye kazi yao. Hakuna aliyeniambia niondoke, wala hakuna aliyeniambia nikae.